Maisha ya Dk. Krapf, Mpimaji wa Maneno

Jina la Dk. Johann Ludwig Krapf tumelisoma sote katika somo la historia, kwamba ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya. Lakini ni wachache wajuao kwamba alisafiri baharini hata Rasi Delgado, kaskazini ya Msumbiji, na kwamba kazi iliyodumu maishani mwake ilikuwa ya maneno. Alitengeneza kipimo cha lugha, na maisha yake yatufundisha kwamba kipimo nacho hupimwa.

Alizaliwa tarehe 11 Januari, 1810, katika kijiji cha Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa asilolitenda, akaugua muda wa miezi 6. Kitandani alizoea kusoma Biblia, na baadaye akapelekwa shule ya Tübingen, ambako alisoma lugha za kale. Mwaka 1837 alikwenda Uhabeshi kuwa mmisionari, lakini mwaka 1842 akazuiliwa kurudi Shoa. Basi akageukia pwani yetu.

Alifika Unguja Januari, 1844, akapokewa vema na Sayyid Said, kisha akahamia Mombasa. Mwezi wa Julai mwaka ule ule homa ikamwua mkewe Rosine, na siku chache baadaye mtoto wao mchanga. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa. Wengine wangalifunga mizigo wakarudi kwao. Yeye alibaki, akaendelea kujifunza Kiswahili akisaidiwa na Sheikh Ali bin Muhidini, kadhi wa Mombasa. Mwaka 1846 alikuja mwenzake Rebmann, wakakaa Rabai.

Mwaka 1850 alichapisha kitabu cha maneno ya lugha 6: Kiswahili, Kinika (yaani lugha ya Wamijikenda), Kikamba, Kipokomo, Kiyao na Kigalla, ambacho siku hizi huitwa Kioromo. Kazi hii yaonekana nyepesi, wala si nyepesi. Ukichagua maneno vibaya, kipimo kitakudanganya. Tuseme umechagua hesabu za sita, saba na tisa. Utasema Kiswahili ni Kiarabu, maana maneno hayo matatu yametoka huko. Lakini uliza neno lisiloazimwa upesi. Mswahili atakuambia mtu, Mnika mutu, Mkamba mundu, Myao mundu, na Mmakonde wa bara ya Rasi Delgado munu. Mgalla atasema nama. Hapo waona wazi nani ni ndugu na nani ni jirani tu. Krapf aliutambua udugu huo wa lugha, na katika kitabu chake cha mwaka 1862 mtaalamu Bleek akaziita lugha hizo Bantu.

Mapema mwaka ule wa 1850, Krapf na mwenzake Erhardt waliondoka Mombasa kwa chombo cha tanga. Wakashika njia ya kusini, wakipita Kilwa na Lindi, wakavuka mlango wa Mto Ruvuma hata karibu na Rasi Delgado. Huko ndiko zilikokoma nchi zilizomtii Sayyid Said na kuanza zile za Wareno. Katika pwani ndefu kama ile, msemo hubadilika bandari kwa bandari. Mtu wa Mvita husema mato, wa Unguja husema macho. Na ukifika visiwa vya Kirimba wakuta Kimwani, jamaa ya Kiswahili lakini lugha yenye desturi zake. Mwenye kupima lugha kwa mji mmoja hajaipima pwani.

Hatari nyingine ilimpata Erhardt. Baadaye yeye na Rebmann waliwauliza wasafiri wa bara waliotoka bandari mbalimbali, na wote walitaja maji makubwa. Majibu yakipatana namna hiyo, nani asingeamini? Wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno, ikatangazwa London mwaka 1856. Mwaka 1858 Burton na Speke waliona kwamba maziwa yalikuwa mbalimbali: kila msafiri alisema kweli ya ziwa lake. Mashahidi walipatana, na jibu likawa si kweli.

Afya ilimshinda Krapf, akaondoka pwani mwaka 1853. Alirudi mwaka 1862 kuwasaidia wamisionari wa Kimethodisti kuanza kazi Ribe, kisha akarudi kwao Ujerumani. Huko Korntal aliendelea na kamusi yake kubwa ya Kiswahili, akionyesha neno gani ni la Mvita na gani la Unguja. Alifariki tarehe 26 Novemba, 1881, akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Kamusi ikatoka mwaka uliofuata.

Wasomaji, kazi hiyo haijakwisha. Tangu mwaka 2017 vita vimewafukuza watu wengi wa pwani ya Cabo Delgado makwao. Mganga amwulizapo mkimbizi habari za afya yake, humsomea maswali yaliyotungwa mbali. Mgonjwa akisema moyo unamwuma, je, ni kifua au ni huzuni? Ndiyo sababu watafiti wa leo hutafsiri maswali, wakampa mtu mwingine ayarudishe katika lugha ya kwanza, wakayajaribu kwa watu wachache, na baada ya siku kadhaa wakawauliza tena waone kama majibu ni yale yale. Na maswali yaliyofaulu Dar es Salaam yapasa kujaribiwa upya Palma, na tena Ibo.

Atakayeifanya kazi hiyo vizuri zaidi ni kijana aliyezaliwa na lugha hizo kinywani. Krapf ilimbidi azitafute akiwa na homa. Sisi tumezikuta nyumbani.