Shekhar Mehta na Injini ya Ukoo wa L

Wapo wanaodai kwamba katika mashindano ya Safari Rally mshindi halisi ni gari, na kwamba dereva hupokea kikombe kwa niaba ya kiwanda tu. Wengine huongeza kuwa marehemu Shekhar Mehta alikuwa mtoto wa matajiri, tena mgeni. Madai yote mawili siyakubali.

Mehta alizaliwa Uganda mwaka 1945, katika ukoo wa Kihindi uliomiliki mashamba makubwa. Mwaka 1971 alikuwa wa pili katika Safari, nyuma ya Edgar Herrmann, wote wakiendesha Datsun 240Z. Mwaka uliofuata Idi Amin aliwafukuza Waasia, wakaacha mali zao nyuma, naye Mehta akahamia Kenya. Huyo ndiye mgeni aliyeishindia Kenya Safari ya mwaka 1973, akielekezwa na Lofty Drews. Alilingana kwa alama za adhabu na Harry Källström wa Sweden, akapewa ushindi kwa kuwa alikwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa.

Källström naye aliendesha Datsun, na injini za magari hayo mawili zilikuwa za ukoo mmoja, ambao kiwanda cha Nissan kiliuita L: bloku ya chuma, kichwa cha alumini, na kemushafti moja ya juu iliyozungushwa kwa mnyororo. Ya Mehta ilikuwa na silinda sita na ukubwa wa lita 2.4, ya mwenzake silinda nne. Haikuwa injini ya kifalme. Ndugu zake walikuwa ndani ya Datsun 160J na 180B zilizowapeleka walimu na makarani kazini.

Kwa nini basi ilishinda? Jibu tulitafute Taita Taveta, kwa maana Safari ya enzi hizo ilizoea kupita Voi na Milima ya Taita. Vumbi jekundu la Voi ni laini mithili ya unga. Likipenya chujio la hewa, husaga ringi za pistoni na kuta za silinda. Kisha kutoka Mwatate kwenda Wundanyi barabara hupanda mamia ya mita kwa kona kali. Gari hujikokota kwa gia ndogo ilhali injini inazunguka kwa kasi, na upepo wa kuipoza rejeta ni haba. Mvua ya Pasaka ikinyesha, vumbi lile lile hugeuka utelezi. (Walimu wa fizikia hawana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano.) Mahali kama hapo dereva mwenye pupa huiua hata injini imara. Mehta alisifika kwa subira: alijua lini aikamue injini na lini aihurumie.

Ushahidi ni miaka ya 1979 hadi 1982, aliposhinda mara nne mfululizo pamoja na Mike Doughty kwa Datsun Violet, yenye injini ya silinda nne na lita mbili, mzao wa ukoo ule ule. Mwaka 1979 aliyemfuata alikuwa Hannu Mikkola, ndani ya Mercedes yenye silinda nane na lita tano. Kama gari ndilo hushinda, Mercedes ile ilikosa nini?

Ajali mbaya nchini Misri mwaka 1987 ilikatiza mbio zake. Baadaye aliongoza tume ya mbio hizo katika shirikisho la magari duniani, FIA, na alifariki London mwezi wa Aprili 2006.