Mbaraka Mwinshehe, gita la solo na swali la spika

Wiki chache zilizopita kijana mmoja wa Kilosa alitupigia simu kipindini. Babu yake alimwachia ampilifaya ndogo ya gita, ile ya zamani inayotumia valvu, ya wati 5 tu. Spika yake imeungua. Fundi wa kwanza alimshauri aitupe. Wa pili alitaka kumfungia spika ya gari. Kijana akatuuliza afunge spika ipi ili gita lake litoe sauti kama ya Mbaraka Mwinshehe.

Wasikilizaji wengi vijana wanazijua nyimbo za Mbaraka lakini hawamjui yeye mwenyewe. Kwa hiyo tunaanza na maisha yake, kisha tutarudi kwenye spika.

Kijana wa Morogoro

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa mwaka 1944. Mwaka huohuo ndipo ilipoanzishwa Morogoro Jazz, bendi ambayo baadaye ilimfanya ajulikane nchi nzima. Alikulia Morogoro, mji uliokuwa na bendi mbili kubwa zilizowagawa mashabiki kama Simba na Yanga zinavyowagawa leo. Upande mmoja ilikuwa Morogoro Jazz. Upande wa pili ilikuwa Cuban Marimba ya Salum Abdallah, ambaye alifariki kwa ajali ya gari Novemba 1965, na nafasi yake ikashikwa na Juma Kilaza.

Katikati ya miaka ya 1960 Mbaraka aliingia Morogoro Jazz. Haikuchukua muda akawa mpiga gita la solo, mwimbaji na mtunzi. Kwa wale wasiojua, katika bendi ya dansi kila gita lina kazi yake. Besi hushika chini, rizimu hujaza katikati, na solo ndilo linalojibizana na mwimbaji. Mbaraka alikuwa vyote viwili: akimaliza kuimba, gita lake linaendeleza habari ileile. Ndiyo maana watu walimpa jina la Soloist National.

Alitunga kuhusu mapenzi, ndoa na ugumu wa maisha, lakini pia kuhusu mambo ya nchi. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilikuwa imekwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya dunia, na safari hiyo nayo ikazaa wimbo.

Sauti ilivyosafiri

Bendi za wakati huo hazikuwa na mitambo mikubwa ya muziki tunayoiona leo kwenye matamasha. Gita liliingia kwenye ampilifaya, na spika ya ampilifaya hiyo ndiyo iliyowachezesha watu ukumbini. Nyingi zilikuwa za valvu, vile vichupa vya kioo vinavyowaka rangi ya chungwa kama zilivyokuwa redio za babu zetu. Vyombo vilipakiwa kwenye lori pamoja na wanamuziki. Barabara nyingi zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Koni ya spika ni karatasi, na karatasi haipendi vumbi, unyevu wala mitikisiko. Bendi iliyosafiri bila mtu wa kushika kisu cha solda ilikuwa hatarini kukatishwa dansi katikati ya usiku.

Lakini watu wengi wa vijijini hawakumsikia Mbaraka ukumbini. Walimsikia kwenye Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako bendi nzima ilirekodiwa ikipiga kwa pamoja. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, hivyo santuri zilitoka Nairobi. Mtu wa Kimamba mwenye redio ya betri, au mwenye mgahawa kando ya barabara ya Mikumi, alipata sauti ile kupitia kispika kidogo kuliko sahani ya chai. Hata hivyo solo lilisikika wazi, kila noti. Sababu ni kwamba sauti ya gita imekaa zaidi katikati, si kwenye besi nzito wala kwenye makali ya juu kabisa. Likumbuke hilo, tutalihitaji.

Volcano na Mombasa

Mwaka 1973 Mbaraka aliiacha Morogoro Jazz na kuanzisha Orchestra Super Volcano. Morogoro Jazz haikuwahi kurudi ilipokuwa. Super Volcano ilivuka mpaka mara kwa mara kwenda Kenya, ambako ndiko zilikokuwa kampuni za santuri na wanunuzi wengi. Wimbo wake Shida uliuzwa sana huko, na uliendelea kuuzwa hata baada ya yeye kuondoka duniani.

Tarehe 12 Januari 1979 Mbaraka alifariki Mombasa kutokana na ajali ya gari. Alikuwa na miaka 34. Morogoro ikawa imewapoteza wanamuziki wake wawili wakubwa kwa namna moja, barabarani, ndani ya miaka 14.

Sasa, spika ipi?

Kwanza tumwambie kijana wetu ukweli: hakuna spika inayokuja na vidole vya Mbaraka. Lakini spika mbaya inaweza kuvificha hata vidole vyema, na ikikosewa inaua ampilifaya. Mambo ya kuangalia ni manne.

La kwanza ni omu, yaani upinzani wa umeme. Nyuma ya ampilifaya au kwenye spika ya zamani huwa pameandikwa 4, 8 au 16. Spika mpya iwe na namba hiyohiyo. Ukiwa na spika isiyoandikwa, fundi aipime kwa mita: ya omu 8 husoma kama 6 au 7, ya omu 4 husoma kidogo zaidi ya 3. Isiposoma chochote, koili imekatika. Hapa ndipo spika ya gari inapoleta shida, maana nyingi ni za omu 4. Ukiifunga kwenye ampilifaya inayotaka 8, nguvu hupungua na valvu huchakaa mapema.

La pili ni wati. Spika ibebe angalau mara mbili ya nguvu ya ampilifaya. Kwa ampilifaya ya wati 5, spika ya wati 15 au 20 inatosha kabisa. Kununua ya wati 100 hakuongezi sauti, kunaongeza gharama na uzito tu.

La tatu ndilo watu wengi hawalijui, nalo ni desibeli. Namba hii inaeleza spika inatoa sauti kubwa kiasi gani ikipewa wati 1. Spika nyingi za gita zina desibeli 95 hadi 100. Nyingi za nyumbani na za gari ziko karibu na 90. Tofauti ya 10 inaonekana ndogo, lakini ampilifaya ya wati 5 yenye spika ya 100 inasikika sawa na ya wati 50 yenye spika ya 90. Ampilifaya ndogo inahitaji spika yenye desibeli nyingi.

La nne ni aina. Spika ya gita imetengenezwa kutoa sauti ya katikati, ile tuliyosema ndiyo maskani ya solo, na hukata makali ya juu. Spika ya redio ya sebuleni huyaacha yote yapite, na gita hugeuka kuwa la kukwaruza. Pima pia tundu la kisanduku kabla ya kununua: inchi 8 haiwezi kukaa penye inchi 10. Na kama koni ya zamani imechanika kidogo tu huku koili ikiwa nzima, kipande cha karatasi nyepesi na gundi kinaweza kukuokolea fedha.

Tahadhari mbili za mwisho. Usiiwashe ampilifaya ya valvu bila spika kufungwa, maana transfoma yake inaweza kuungua, na kuipata nyingine kwetu ni kazi kubwa. Pia ndani yake kuna umeme wa volti 300 au zaidi, ambao hubaki hata baada ya kuchomoa plagi. Mwachie fundi anayezijua valvu.

Kijana wetu amekuta namba 8 nyuma ya ampilifaya, na tundu lake ni la inchi 8. Tunapoandika haya bado anatafuta spika. Ampilifaya ya babu iko juu ya kabati, haijawashwa, kama tulivyomwomba. Msikilizaji mwenye spika ya gita ya inchi 8 na omu 8, awe Kilosa, Mikumi au Morogoro mjini, atupigie wakati wa kipindi, tutawakutanisha.