Askofu aliyebanwa na swali la safina

Wadau, mi nilipouliza darasa la kipaimara Nuhu aliwalishaje wanyama wote wale, niliambiwa nikae chini. Kumbe swali hilo lilishamtoa jasho askofu!

John William Colenso alizaliwa Uingereza 1814, akawa mwalimu na mwandishi wa vitabu vya hesabu. Mwaka 1853 akawa askofu wa Natal, Afrika Kusini. Akiwa anatafsiri Biblia kwa Kizulu, msaidizi wake William Ngidi akamuuliza kama kweli gharika ilitokea vile. Jamaa akakwama.

Akapiga hesabu: wanaume 600,000 waliotoka Misri, ongeza wanawake na watoto, ni zaidi ya milioni 2. Mifugo yao ilikula nini jangwani? Mwaka 1862 akaanza kuchapisha. Mwaka uliofuata akashtakiwa Cape Town, akavuliwa uaskofu. Mwaka 1865 baraza la Malkia kule London likasema hukumu ile batili.

Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu. Chifu Langalibalele alipohukumiwa 1874, yeye ndo alimtetea. Alifariki 1883, bado askofu.

Mi naona Mungu hakumwacha, ila aligoma kumdanganya aliyemuuliza. Je, we ungemjibuje Ngidi?