Masinde Muliro na Mpaka wa Kitale

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa mwaka wa 1922 kijijini Matili, Kimilili, katika eneo ambalo sasa ni Kaunti ya Bungoma, na akazikwa mwaka wa 1992 shambani kwake katika Trans Nzoia, upande wa Kitale. Mwendo baina ya Matili na kaburi hilo si mrefu. Hata hivyo, katikati yake umepita mpaka alioupinga kwa nguvu zake zote, nao ukamshinda.

Elimu ya juu aliipata katika Chuo Kikuu cha Cape Town, wakati serikali ya Afrika Kusini ilipokuwa ikiujenga ubaguzi wa rangi kwa sheria moja baada ya nyingine. Alirejea Kenya mwaka wa 1954, akawa mwalimu. Machi 1957 aliiacha chaki. Katika uchaguzi wa kwanza wa wajumbe Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria alimbwaga W.W.W. Awori, mwanasiasa mzoefu, akaingia barazani pamoja na wenzake saba, wakiwemo Oginga Odinga, Tom Mboya, Ronald Ngala na Daniel arap Moi. Wanane hao walikataa nyadhifa za uwaziri, wakashikilia kwanza viti vya Waafrika viongezwe. Mwaka uliofuata viti vikawa 14.

Mwaka wa 1960 Muliro alikuwa makamu wa Ngala katika KADU, chama kilichohofia kuwa jamii ndogo zingemezwa na zile kubwa. Dawa yao ilikuwa majimbo. (Neno hili la Kiswahili liliingia katika Kiingereza cha wanasiasa wa Kenya bila kutafsiriwa, na vinywani mwa wapinzani wake likageuka kuwa jina jingine la ukabila.) Lakini penye majimbo hapakosi mipaka, na hapo ndipo Muliro alipofungwa na kamba aliyoisokota mwenyewe. Yeye aliitaka Kitale iwe ya Magharibi, kwa kuwa Wabukusu wengi waliishi na kufanya kazi katika mashamba ya walowezi ya Trans Nzoia. Moi, ndugu yake wa chama, aliutaka mji huohuo uwe wa Bonde la Ufa. Tume ya mipaka ya mwaka wa 1962 iliiweka Bungoma Magharibi, na Kitale ikabaki Bonde la Ufa.

Muliro hakurudi nyuma ya mpaka. Alifanya makao upande huo aliopokonywa, akawa mbunge wa watu wa Trans Nzoia, Wabukusu na wasio Wabukusu. KADU ilipovunjwa mwaka wa 1964 alijiunga na KANU, na baadaye akawa waziri.

Machi 1975 aliuawa J.M. Kariuki, mbunge wa Nyandarua Kaskazini. Ripoti ya kamati teule iliyochunguza mauaji hayo ilipofika bungeni, serikali haikutaka ipite. Muliro, akiwa waziri, aliiunga mkono kwa kura yake. Aliachishwa kazi pamoja na mawaziri wasaidizi John Keen na Peter Kibisu. Walikuwapo mawaziri wengi siku zile waliojua kilichotendeka. Waliokubali kupoteza gari la bendera kwa ajili ya mwenzao aliyeuawa wanahesabika. Kwa kura hiyo moja, nafasi yake katika historia inastahili kuwa kubwa kuliko ile anayopewa na vitabu vya shule.

Agosti 1991, akikaribia miaka 70, alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, na Desemba mwaka huo kifungu cha 2A, kilichoifanya KANU kuwa chama cha pekee, kikafutwa. Wengi walimtazamia kuwa mpatanishi kati ya kambi za Odinga na Kenneth Matiba. Tarehe 14 Agosti 1992 alianguka na kufariki katika uwanja wa ndege wa Nairobi, akitoka London. Tetesi zilizagaa. Baada ya miezi michache FORD ilikuwa imepasuka vipande viwili, na Desemba Moi akashinda urais kwa takriban asilimia 36 ya kura.

Chuo kikuu kilichoko Kakamega kina jina lake, na uwanja wa michezo wa Kanduyi, Bungoma, vilevile.