Helen Keller: Asiyeona, asiyesikia, na miaka minne ya kuutafuta mlango wa chuo

Wengi wetu tukisikia jina la Helen Keller tunakumbuka ile stori ya bomba la maji, basi. Mtoto haoni wala hasikii, mwalimu anamwagia maji mkononi, anaelewa neno, makofi, stori imeisha. Mimi leo nataka tuongelee kipande ambacho huwa kinarukwa: huyu dada aliingiaje chuo kikuu? Maana hapo ndipo kuna somo kwa mdau anayesubiri matokeo ya form six akiwa na fimbo nyeupe mkononi, na pia kwa sisi tutakaokaa naye darasa moja.

Kwa kifupi tu. Alizaliwa 27 Juni 1880, mji wa Tuscumbia, jimbo la Alabama, Marekani. Akiwa na miezi 19 akaugua, ugonjwa ukaondoka na macho na masikio yake. Machi 1887 akaletewa mwalimu, Anne Sullivan, binti wa miaka 20 ambaye naye macho yalikuwa yanamsumbua. Anne alikuwa anamwandikia maneno kiganjani kwa vidole, herufi moja moja. Hiyo ndiyo ikawa njia yao hadi Anne alipofariki mwaka 1936.

Haya, sasa chuo. Helen alikitaka Radcliffe, chuo cha wanawake kilichokuwa pembeni ya Harvard. Oktoba 1896 akaanza shule ya maandalizi ya wasichana mjini Cambridge, Massachusetts. Wenzake wote wanaona na wanasikia. Anne anakaa pembeni yake, anamwandikia mkononi kila anachosema mwalimu. Kuandika noti hawezi, kwa sababu mikono yote ina kazi ya kusikiliza! Anasubiri afike nyumbani ndipo apige taipureta yale aliyoyakumbuka. Vitabu vya nukta nundu vilikuwa vichache, na vingine vilichelewa kufika wakati darasa limeshasonga mbele.

Mwaka 1897 akafanya sehemu ya kwanza ya mtihani wa kuingia chuo. Mkuu wa shule, Arthur Gilman, alikuwa amejifunza ile alfabeti ya vidole, akamsomea maswali mkononi. Helen akawekwa chumba cha peke yake ili kelele za taipureta zisisumbue wengine. Akapasua yote, na Kijerumani na Kiingereza akapata sifa ya juu.

Baadaye mkuu huyo na Anne wakatofautiana. Mkuu aliona mtoto anachoshwa, apunguziwe masomo. Anne akakataa. Mama yake akamtoa shuleni mwishoni mwa 1897, akaendelea na mwalimu binafsi, Merton Keith.

Hapa sasa ndipo penye uchungu. Juni 1899, mtihani wa mwisho. Chuo kikasema Anne asimsomee maswali. Akaletwa mtu mwingine wa kuyaandika kwa nukta nundu. Sawa, lakini enzi hizo Marekani kulikuwa na mifumo zaidi ya mmoja ya nukta, na alama za aljebra alizozizoea Helen zilikuwa za mfumo wa Kiingereza. Pepa ilikuwa inakuja kwa mfumo wa Kimarekani! Aligundua zikiwa zimebaki siku 2 tu. Akaomba jedwali la alama, akakaa kuzikariri, na bado chumba cha mtihani zikamchanganya. Hesabu anaijua, ila alama zenyewe ngeni. Hata hivyo akafaulu.

Akaingia Radcliffe mwaka 1900. Ada alisaidiwa na tajiri wa mafuta, Henry Rogers, baada ya mwandishi Mark Twain kumwombea. 28 Juni 1904 akahitimu kwa heshima, mtu wa kwanza asiyeona na asiyesikia kupata shahada ya kwanza ya sanaa. Anne, aliyekaa mihadhara yote hiyo na kuyachosha macho yake kwa kumsomea vitabu, siku ile hakupewa cheti chochote. Helen akaendelea kupigania wasioona nchi nyingi hadi alipofariki 1 Juni 1968.

Sasa wadau, tuangalie vizuri. Maswali yalikuwa yale yale ya wengine, hakupendelewa. Ugumu wake mkubwa ulitoka kwenye maandalizi: kitabu kilichochelewa, pepa iliyoandikwa kwa alama asizozijua, msaidizi aliyebadilishwa. Vitu vya kupangwa mapema na watu wazima waliokaa ofisini.

Ule mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu wa mwaka 2006 unataka elimu ya juu iwe wazi kwa wote, tena kwa kuwekewa mahitaji yao. Kenya iliuridhia 2008, Tanzania 2009. Kwa hiyo kama una mdogo wako mwenye ulemavu anaenda chuo, msisubiri wiki ya kwanza ya masomo. Nendeni mapema mkaulize: vitabu atasomaje? Mtihani atafanyaje, na nani atamsomea? Mkalimani wa lugha ya alama yupo? Bweni lina ngazi ngapi? Na njia atakayotumia kwenye mtihani aizoee miezi kadhaa kabla.

Nawakilisha. Kama kuna mdau mwenye ulemavu aliyepita chuo, tupe uzoefu wako hapo chini, wadogo zetu wafaidike.