Matthew Maury: Mwanamaji aliyevunjika mguu, akaisoma bahari kwenye daftari za wavuvi wa nyangumi

Oktoba 1839, gari la farasi lilipinduka huko Ohio, Marekani. Ndani yake alikuwamo ofisa wa jeshi la majini, Matthew Fontaine Maury, miaka 33. Mguu wa kulia ukavunjika vibaya, na maisha yake ya kusafiri na meli yakaishia hapo.

Maury alizaliwa Virginia mwaka 1806, akaingia jeshini akiwa na miaka 19 na kuizunguka dunia kwa meli ya USS Vincennes. Sasa alikuwa anachechemea. Mwaka 1842 akapewa kazi ya mezani jijini Washington: kusimamia ghala la ramani na vifaa vya jeshi la majini.

Humo akakuta marundo ya daftari za safari za zamani. Wengi waliziona takataka. Yeye akaanza kuzisoma.

Muhuri wa nyangumi

Kila siku meli iliandika ilipo, upepo ulivyovuma na bahari ilivyokuwa. Meli za kuwinda nyangumi ziliongeza kitu kingine: muhuri wenye picha ya nyangumi kwa kila aliyeuawa. Aliyeponyoka mara nyingi alipigiwa muhuri wa mkia tu.

Maury akawaomba manahodha wamletee kumbukumbu zao, naye akawapa ramani bure. Ramani yake ya kwanza ya upepo na mikondo ilitoka mwaka 1847 na ikafupisha safari nyingi. Miaka michache baadaye ikafuata ramani ya nyangumi: bahari imegawanywa miraba, kila mraba ukionyesha siku walizotafutwa na siku walizoonekana, mwezi kwa mwezi.

Daftari zilimfunza mengi. Kuna aina ya nyangumi wasiovuka maji ya joto ya ikweta. Pia kuna nyangumi waliochomwa chusa upande wa Atlantiki, wakaja kukamatwa upande wa Pasifiki, chusa kikiwa bado mwilini. Akaona kwamba lazima kuna njia ya maji kaskazini. Hapo alipatia. Ila alipodai kwamba katikati ya barafu kuna bahari wazi, alikosea.

Upande alioamua kusimama

Uwindaji huo ulikutanisha watu wa kila namna. Meli moja ingeweza kuwa na Wamarekani weupe na weusi, watu wa Cape Verde, Azores na Hawaii. Nyingine zilifika hadi Zanzibar kuchukua chakula na maji.

Kwa hiyo ramani zilizompa Maury jina zilitokana pia na jasho la mabaharia weusi. Lakini yeye aliwahi kutaka watumwa wa Marekani wahamishiwe bonde la Amazon. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza mwaka 1861, akajiuzulu na kujiunga na majimbo ya Kusini yaliyotetea utumwa. Akawatengenezea mabomu ya majini, kisha akaenda Uingereza kuwatafutia meli.

Kusini ikashindwa. Maury akakimbilia Mexico, akapanga kuwahamishia huko wenzake walioshindwa, mpango ukafa. Alirudi Marekani mwaka 1868, akafundisha chuo cha kijeshi huko Lexington, Virginia, na kufariki tarehe 1 Februari 1873.

Sanamu yake mjini Richmond, iliyozinduliwa mwaka 1929, iliondolewa Julai 2020 wakati wa maandamano ya kupinga ubaguzi.

Daftari zimebaki. Ramani ya Maury ilitengenezwa ili wawindaji wajue pa kuua. Leo watafiti wanasoma daftari za aina hiyo kujua nyangumi walikuwa wapi kabla hawajamalizwa, na upepo wa wakati ule ulivumaje. Mihuri iliyopigwa kuhesabu mapipa ya mafuta sasa inahesabu tulichopoteza.