Christopher Strachey

Christopher Strachey (Hampstead, London, 16 Novemba 1916 – Oxford, 18 Mei 1975) alikuwa mwalimu na mtaalamu wa kompyuta kutoka Uingereza. Anakumbukwa, pamoja na mambo mengine, kwa kufafanua maana ya vigeu katika lugha za programu.

Maisha

Baba yake, Oliver, alikuwa mfumbuzi wa maandishi ya siri. Mama yake, Ray, alipigania haki ya wanawake kupiga kura. Christopher alisoma King's College, Cambridge, bila kupata matokeo ya kung'aa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alifanya utafiti wa vifaa vya rada, kisha akafundisha shuleni, kuanzia mwaka 1949 katika shule ya Harrow.

Akiwa bado mwalimu, alitunga programu ya kucheza drafti. Mwaka 1952 iliweza kucheza mchezo mzima kwenye kompyuta ya Manchester. Mwaka huohuo aliacha ualimu na kuajiriwa na shirika la umma la kuendeleza uvumbuzi.

Mchango wake

Katika miaka ya 1960 alishiriki kuunda lugha ya CPL. Mwaka 1967, katika mihadhara yake mjini Copenhagen, alieleza kwamba kigeu kina sura mbili. Katika agizo "idadi := idadi + 1", jina la upande wa kulia ladai thamani iliyopo; la upande wa kushoto lataja mahali pa kuweka thamani mpya. Ndiyo tofauti kati ya thamani ya kulia na thamani ya kushoto.

Mfano mmoja ni sanduku la posta: namba haibadiliki, bali barua zilizomo hubadilika. Watu wawili wakitumia sanduku moja, mmoja akichukua barua, mwenzake hukuta tupu. Vivyo hivyo, majina mawili yakielekeza mahali pamoja, badiliko la moja huonekana kwa la pili. Mtunzi wa programu asipolijua hilo, hupata majibu yasiyo sahihi.

Urithi

Strachey aliongoza kikundi cha utafiti wa programu huko Oxford, akawa profesa mwaka 1971. Pamoja na Dana Scott aliweka msingi wa kueleza maana ya programu kwa hisabati. Kutokana na CPL ilitokea BCPL, kisha B, na hatimaye C, inayotumika hadi leo.

Alifariki kwa homa ya ini. Mihadhara yake ya Copenhagen, iliyosomwa kwa miaka mingi kwa kupokezana nakala, ilichapishwa mwaka 2000.